Mtoto anapobadilishiwa mikono: afya ya akili ya wadogo kabisa Mtwara na Lindi

Nyumba nyingi za Newala, Masasi na Ruangwa zina njia moja ya kumwachisha mtoto ziwa: anapelekwa kwa bibi. Akikaribia miaka miwili, au kabla ya hapo ikiwa mama ana mimba nyingine, nguo zake mbili tatu zinafungwa kwenye kanga, anapakiwa kwenye bodaboda na safari inaanza kwenda kijiji cha pili. Atakaa huko wiki mbili, mwezi, pengine mpaka aanze shule. Mama anasubiri mtoto ageukie kuku uani, anapenya upande wa pili wa nyumba, anaondoka. Mtoto analia siku ya kwanza, analia ya pili, ya tatu sauti imeshakauka. Ya nne amenyamaza, na bibi anapiga simu: "Usiwe na wasiwasi mwanangu, kashazoea."

Huenda kweli kazoea. Huenda pia amekata tamaa, na kwa mtoto wa umri huo mambo hayo mawili yanafanana sana ukiyatazama kwa nje. Kuyatenganisha ni sehemu kubwa ya kazi ya wataalamu wa afya ya akili ya watoto wachanga, fani ambayo mipango yetu ya malezi ndiyo kwanza inaanza kuigusa.

Ukimwambia mtu sokoni Mtwara kwamba mtoto wa miezi minane anaweza kuwa na shida ya afya ya akili, atakutazama mara mbili. Kichwani mwake afya ya akili ni yule jamaa anayeokota makopo stendi. Mtoto hadaiwi, hajaachwa na mume, hata akifiwa haelewi. Ataumwa akili gani? Kinachozungumziwa hapa ni cha kawaida zaidi. Katika miaka mitatu ya mwanzo mtoto anajifunza kuhisi jambo na kulionyesha, kutulia akibembelezwa, kumwamini mtu fulani, na kuthubutu kutambaa hatua chache mbali na mtu huyo kwenda kuchezea sufuria, akijua akirudi atamkuta. Mtoto anayeyaweza hayo kwa kiasi cha umri wake yuko vizuri. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo analojifunza akiwa peke yake.

Mwili wa mtoto mchanga haujui kujituliza. Akilia kwa njaa au hofu, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, kortisoli, homoni ya msongo, inapanda. Mtu akimnyanyua, akamweka kifuani, akamwongelesha kwa sauti ile ile ya jana, mapigo yanashuka. Jambo hilo likijirudia mara mamia, ubongo unaizoea njia ya kurudi kwenye utulivu, na baadaye mtoto ataipita mwenyewe bila kushikwa. Lisipotokea, au leo akibembelezwa na kesho akachapwa kwa kilio kile kile, mwili unakaa macho muda wote. Kortisoli inayobaki juu kwa muda mrefu huvuruga usingizi, hupunguza nguvu ya mwili kupambana na maradhi, na hugusa sehemu za ubongo zinazobeba kumbukumbu na umakini. Mwalimu wa darasa la kwanza anayelalamika kwamba mtoto fulani hatulii, mara nyingine analalamikia jambo lililoanza miaka mitano kabla hajamfahamu.

Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Tronick alilionyesha hili miaka ya 1970 kwa jaribio rahisi mno. Mama anacheza na mwanawe wa miezi michache kama kawaida, kisha anaambiwa amtazame kwa dakika chache bila kubadilisha uso: asicheke, asiongee, asikunje hata kipaji. Mtoto anaanza kwa kumchekea ili amrudishe mchezoni. Anarusha mikono, anapiga kelele. Asipojibiwa anageuza uso pembeni, anajikunja, analia. Hajapigwa na hana njaa, kilichokatika ni majibizano tu. Sasa fikiria uso huo ukibaki hivyo miezi na miezi, kwa sababu aliye nao ana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au amechoka kupita kiasi, au macho yake yako kwenye simu, maana nayo tuiseme.

Hapo kuna tabia yetu moja inayotupotosha. Mtoto anayeshinda kimya tunamsifu. "Huyu mpole, hasumbui, hata ukimweka hapo mpaka jioni yupo tu." Wapo watoto wapole kwa maumbile, na hao ukiwachekea wanacheka, ukiwaita wanageuka. Lakini yupo anayenyamaza kwa kuwa ameshajaribu kulia na hakuna aliyekuja. Kwenye mizani ya zahanati uzito wake unaweza kuwa mzuri kabisa, na muuguzi akaandika kwenye kadi na kuita anayefuata.

Kwa hiyo anayetafuta tatizo ndani ya mtoto peke yake anatafuta pasipo. Afya ya akili ya mtoto huyu imo katika kile kinachopita kati yake na anayemshika, na ukitaka kumfikia yeye lazima upitie kwa yule mtu mzima. Naona mpango wowote wa malezi upimwe kwa hilo kwanza: unamfikia nani, na unamwacha akiwa na nguvu gani ya kumshika mtoto?

Desturi iliyomvutia mtafiti Uganda

Elimu hii haikujengwa yote Ulaya. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa Uganda, akitembelea nyumba za mama 26 katika vijiji vya jirani na Kampala. Alikuwa na shauku ya jambo linalotuhusu moja kwa moja: alikuwa amesikia kwamba Waganda humwachisha mtoto ziwa kwa kumpeleka kwa bibi, akataka kuona mtoto anapokeaje utengano huo. Alipofika vijijini akakuta desturi yenyewe imeshafifia. Akabadili mpango, akakaa kutazama siku za kawaida: nani anambeba mtoto, nani anaitikia kilio, mtoto anafanya nini mama akitoka nje na anampokeaje akirudi.

Alichokiona kilichapishwa mwaka 1967 na bado kinasomwa. Watoto waliokuwa na utulivu walikuwa hasa wa wale mama wanaoweza kukueleza mtoto wao kwa undani: anachopenda, anavyolala, kilio chake cha njaa kikoje na cha uchovu kikoje. Walikuwa wanamsoma. Aliona pia kwamba mtoto mmoja anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja nyumbani, mama akiwa wa kwanza lakini si peke yake.

Hilo la mwisho lina uzito wa pekee kusini. Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wanafuata ukoo wa kikeni. Mtoto ni wa upande wa mama, mjomba ana kauli juu yake, na bibi mzaa mama haombwi wala hashukuriwi kama aliyejitolea: mtoto ni wake. Kumwambia mwanamke wa Nachingwea kwamba kumpeleka mtoto kwa bibi yake ni kumtelekeza ni kumtukana yeye na ukoo wake. Mchoro wa baba, mama na watoto wawili mezani, unaopendwa na watayarishaji wa vitini vya malezi, hauzielezi nyumba nyingi za huku, na bibi akiuona anajua kikao hicho si chake.

Kwa hiyo bibi si tatizo. Tatizo ni jinsi mikono inavyobadilishwa. Kati ya miezi 18 na 24 mtoto ameshajua nani ni wake, lakini hajapata maneno wala hesabu ya siku za kumwezesha kuelewa kwamba mama anarudi Jumamosi. Kwake, aliyetoweka ametoweka. Kumtoroka kunaongeza jingine: anajifunza kwamba ukimwondolea mtu macho kidogo tu, anaondoka. Ndiyo maana akirudishwa nyumbani anang'ang'ania pindo la kanga ya mama hata mama akienda chooni, na watu wanasema bibi kamdekeza.

Waingereza James na Joyce Robertson walilifuatilia suala hili mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto wa kiume wa miezi 17 aliwekwa kwenye kituo cha kulelea watoto kwa siku tisa mama yake alipokwenda kujifungua. Wahudumu hawakuwa wabaya, ila walipokezana zamu na hakuna aliyekuwa wake. Alimfuata huyu, akamfuata yule, akitafuta wa kumpakata. Wenzake waliozoea maisha ya kituo walimtangulia kila mara. Mwishowe aliacha kutafuta watu, akawa anajilaza juu ya mdoli mkubwa wa dubu. Siku mama aliporudi, mtoto alimkataa. Watoto wengine wanne wa umri wa karibu na huo, nao mama zao wakiwa wamekwenda kujifungua, akina Robertson waliwachukua kuishi nao nyumbani kwao. Hao waliletwa kutembea kabla ya siku yenyewe, wakaja na vitu vyao, na walipokuwa huko mama alikuwa anatajwa. Walihuzunika, lakini hawakufikia hali ya yule wa kituoni.

Ukiyaleta hayo Tandahimba yanakuwa mambo mepesi. Bibi ndiye aanze kuja. Akae kwa binti yake siku kadhaa, amwogeshe mtoto, amlishe uji na kumlaza, mama akiwepo. Kisha mama aende naye huko kwa bibi, walale pamoja usiku mmoja au miwili. Ziwa lianze kupunguzwa mapema, kwanza la mchana, baadaye la usiku, ili mtoto asipoteze ziwa na mama siku moja, maana hiyo ni misiba miwili kwa mpigo. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka miwili na zaidi, basi hata haraka yenyewe mara nyingi haina sababu. Akiondoka, mama aage. Mtoto atalia, na kilio cha kuagwa ni kilio chenye afya, bibi yupo wa kukipokea. Kanga aliyolala nayo mama ibaki bila kufuliwa, mtoto alalie ile harufu. Na jina la mama lisifichwe kwa kuogopa kumkumbusha. Anamkumbuka hata bila kutajiwa.

Siku ya kumchukua nayo ina adabu yake. Mtoto akijificha nyuma ya bibi asitake kuja, mama huumia sana: "Kanisahau." Angekuwa amemsahau angemwendea kama anavyomwendea mgeni mwenye pipi. Amekasirika. Akae chini pale pale mkekani, asimvute, aongee na bibi mambo mengine, mtoto atasogea mwenyewe kwa wakati wake.

Msimu

Huku kila kitu kinapangwa na korosho, na malezi hayakusalimika. Korosho zikianza kudondoka, kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba, nyumba zinahamia shambani, wengine kwa miguu kila alfajiri, wengine wanalala huko huko kwenye dungu. Mama anainama tangu jua halijawa kali, anaokota, anatenganisha korosho na bibo, anasogea mkorosho unaofuata. Mtoto yuko kwenye kivuli cha ule wa nyuma, juu ya kanga, na dada yake wa miaka minane.

Dada huyo hatajwi kwenye mipango mingi ilhali ndiye mlezi wa mchana kutwa. Naye ni mtoto, angetakiwa kuwa anacheza au darasani. Kumsema kwamba hajui kulea ni uonevu. Akifundishwa michezo mitatu, ya kujificha uso nyuma ya kanga na kuibuka, ya kupiga makofi kwa zamu, ya kupanga magunzi na kuyabomoa, ataifanya kwa furaha kuliko mtu mzima yeyote, maana yeye mwenyewe anaipenda. Jambo jingine linalowezekana ni mama wa mashamba yanayopakana kukubaliana zamu: mmoja anabaki na watoto wote chini ya mti mmoja, wenzake wanamwokotea fungu lake. Halihitaji mradi.

Halafu mnada unafanyika na fedha zinaingia kwenye akaunti. Wakati huo huo uraka, pombe ya mabibo, umejaa. Zipo nyumba zinazoezeka bati msimu huo, na zipo zinazopigana. Mtoto wa mwaka mmoja haelewi matusi, lakini mwili wake unaijua sauti ya ugomvi na uso wa mama baada ya ugomvi. Hili huwa tunalichukulia poa kwa kuwa "yule ni mdogo, hajui kitu". Anachokosa ni maneno ya kukisimulia.

Ofisa anayepanga vikao vya malezi mwezi Novemba atakutana na viti vitupu, kisha ataandika kwenye ripoti kwamba mwamko wa jamii ni mdogo. Apange Juni au Julai, chakula kimevunwa na ngoma za jando na unyago zinakaribia. Au afuate watu wanakopanga foleni tayari, penye ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ambako hata akina baba wapo. Na manyakanga, wakuu wa unyago, wasiachwe nje. Mwanamwali anayefundwa leo ndiye mama wa kesho kutwa, na neno la nyakanga juu ya kumjibu mtoto anayelia litakaa kuliko semina ya siku mbili yenye posho. Nasema hivi nikijua unyago una mambo yanayostahili kukosolewa, hasa kuwafunda mambo ya ukubwa watoto wa miaka tisa. Hiyo ni sababu nyingine ya kukaa na manyakanga meza moja.

Mama anapozimika

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba duniani kote karibu 13% ya wanawake waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea hufikia 19.8%. Ni kama mama mmoja kati ya watano kwenye benchi la kliniki. Hana kichaa, haongei peke yake. Anampakata mtoto lakini kama kapakata furushi. Anamnyonyesha akitazama ukuta. Ukimuuliza anasema amechoka, na ni kweli amechoka.

Kusini, kama kwingi Tanzania, mtoto akinyong'onyea, akakonda, akawa hana raha, jibu la haraka ni kwamba kabemendwa: wazazi, hasa mama, hawakujizuia wakati wa kunyonyesha. Tazama kinachotokea. Mtoto alihitaji mama aliyechangamka, na mama alihitaji kupunguziwa mzigo. Badala yake mama anapewa aibu, mume ananuna, mama mkwe anasonya, na yule aliyekuwa ameanza kuzimika anazimika kabisa. Mtoto anaenda kutafutiwa dawa ya mizizi. Kama kuna imani moja ambayo mhudumu wa afya anapaswa kuijibu kwa upole lakini bila kupepesa, ni hii. Mtoto aliyenyong'onyea apimwe malaria, upungufu wa damu, lishe na usikivu, na mama aulizwe yeye mwenyewe hali yake.

Matibabu yake hayasubiri daktari bingwa. Huko Rawalpindi, Pakistan, watafiti wakiongozwa na Atif Rahman waliwafundisha wahudumu wa kawaida wa vijijini kukaa na mama mwenye sonona kwenye ziara zao za kawaida, kumsaidia kuyapinga mawazo ya kujikatia tamaa, kumhusisha mume na mama mkwe, kumrudisha kwenye kucheza na mtoto. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto akiwa na miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa 23% kwa waliotembelewa hivyo, na 53% kwa wengine. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mpango mpana wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Watu wa kuifanya kazi kama hiyo wapo, au wanakuja. Kinachobaki ni kama daftari lao litakuwa na mstari wa hali ya mama, au litaishia kwenye vyandarua na vyoo.

Mipango inafika wapi

Kwenye karatasi tuko vizuri. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wenye mambo matano anayohitaji mtoto mdogo: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema. Serikali yetu iliubeba katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, kwa watoto wa kuanzia sifuri hadi miaka minane. Malezi yenye mwitikio ndiyo hasa tunayoyazungumza hapa. Ndiyo pia yanayoelekea kusahauliwa kwanza, kwa kuwa hayapimwi kwa mizani wala hayachomwi kwa sindano.

Nafasi yenyewe ipo. Mtoto wa Liwale analetwa kliniki kwa chanjo wiki ya sita, ya kumi, ya kumi na nne, mwezi wa tisa na wa kumi na nane, na katikati analetwa kupimwa uzito. Kaya maskini zilizo kwenye mpango wa ruzuku wa TASAF zinafungwa na sharti la kuhudhuria. Hakuna ofisi nyingine ya umma inayomwona mtoto mara nyingi hivyo kabla hajatimiza miaka miwili. Mizani inaning'inia kwenye mwembe, watoto wanalia kwenye ile mifuko ya kupimia, foleni ni ndefu na muuguzi ni mmoja. Simlaumu. Lakini wakati mama anasubiri, mhudumu wa jamii anaweza kukaa naye benchini na kuuliza maswali mawili yanayotumika duniani kwenye mafunzo ya malezi: unacheza naye vipi, na unamwongelesha vipi? Mama akijibu "huyu bado mdogo, haongei", mazungumzo yameanza. Anaombwa amchekee mtoto pale pale, asubiri, aone anavyojibu. Wengi hushangaa. Ni dakika tano.

Kwamba jambo dogo namna hiyo linaweza kufika mbali kulionekana Kingston, Jamaika. Mwaka 1986 na 1987 Sally Grantham-McGregor na wenzake walichukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani saa moja kila wiki kwa miaka miwili, mhudumu akimwonyesha mama jinsi ya kucheza na mtoto kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mali ya hapo hapo. Walipofika miaka 17 au 18 walikuwa na wasiwasi na sonona kidogo kuliko wenzao ambao hawakutembelewa kwa ajili ya michezo. Walipofika karibu miaka 22 kipato chao kilikuwa juu kwa 25%. Tuna vifuu, vizibo, magunzi na mbegu za mibuyu kama Jamaika walivyokuwa na vyao.

Sisi nguvu nyingi tumezipeleka kwenye mwaka wa elimu ya awali, mtoto akiwa na miaka mitano, na kwenye deikea za mjini. Za mjini nazo zina ugonjwa wao. Mtwara ilipopata gesi na saruji, na bandari ikachangamka, mama wengi wakaingia kazini, na likizo ya uzazi kisheria ni siku 84 tu, kwa aliyeajiriwa rasmi. Muuza samaki wa feri hana hata hizo. Deikea zikaota. Mzazi anayelipa ada anataka kuona kitu, kwa hiyo mtoto wa miaka miwili na nusu anakalishwa kwenye kiti akariri namba mpaka ishirini, na siku ya mahafali anavalishwa joho. Huku mlezi wa darasa lake amebadilika mara tatu ndani ya mwaka kwa kuwa mshahara hautoshi hata nauli.

Kwa mtoto wa umri huo mlezi asiyebadilika ana thamani kuliko ubao. Ukitafuta deikea Mtwara au Lindi mjini, anza na usajili. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuambia kama kituo kimesajiliwa. Kisha fika asubuhi watoto wanapoletwa, usimame pembeni. Tazama mtoto anayelia anapokelewaje: anapakatwa, au anaambiwa "nyamaza, wenzio wanakucheka"? Mlezi anawajua kwa majina? Mmoja ana watoto wangapi? Uliza nani atakuwa wa mwanao hasa, na akiumwa nani anamshika. Uliza kama unaruhusiwa kukaa naye siku mbili tatu za mwanzo. Kituo kinachokataza hilo kwa kuwa "mtoto atadeka" kimeshakujibu.

Kuhusu dalili, usikimbilie kuhesabu. Mtoto mmoja ana tabia yake na siku moja mbaya si ugonjwa. Zinazostahili kupelekwa zahanati ni zile zinazodumu wiki kadhaa: mtoto wa miezi mitatu na zaidi ambaye hachekei mtu wala hafuati uso, wa miezi tisa asiyetoa sauti za kujibu, wa mwaka na nusu asiyekuonyesha kitu kwa kidole, anayekwenda kwa mtu yeyote bila kujali mgeni na mwenyeji, asiyetulizika na yeyote, anayekataa chakula na usingizi bila homa, au aliyekuwa anaongea akaacha. Baadhi yake huwa ni masikio au usonji, na hayo nayo yanahitaji kujulikana mapema. Zahanati ikishindwa itatoa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, na Mtwara ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Pakiwa na kipigo au unyanyasaji, namba ya simu ya watoto ni 116, ni bure, na jirani anaruhusiwa kupiga.